Mtu wa mataifa ni wewe

Mwezi wa sita niliitwa Muyeye kwenye kamati ya harusi. Bajeti siijui, niliitwa kwa sababu "Mwalimu akiwepo watu hawagombani", jambo ambalo si kweli na kila mtu anajua si kweli. Tulikuwa tumemaliza viti na hema, pilau tumeigombania na kuiweka kiporo, tumeingia kwenye mavazi. Hapo nyanya yake bibi harusi, ambaye nyumbani pale kila mtu humwita Hawe, akafungua mkoba wake wa ukili akatoa hando, ile sketi ya marinda ya wanawake wa Kigiriama, aliyoikunja mwenyewe: bafta nyeupe, marinda membamba kama kidole cha mtoto, tabaka juu ya tabaka, nzito hata akaitoa kwa mikono miwili. Akaitandaza mkekani.

Mwenyekiti wa kamati ni mzee wa kanisa, mtu mwema, nimekula kwake mara nyingi. Aliitazama ile nguo akakunja miguu yake isiiguse. "Hawe, hiyo ni nguo ya watu wa mataifa. Mtoto ameokoka."

Hawe hakukasirika. Aliuliza tu: "Hao Mataifa ni kabila gani?"

Watu wakacheka, mwenyekiti akacheka, kikao kikasonga kwenye mambo ya keki. Hakuna aliyemjibu. Nimefundisha Agano Jipya na Kiyunani cha kuanzia hapa Malindi miaka mingi kuliko ninavyopenda kuhesabu, na sikumbuki mwanafunzi aliyeuliza swali zuri kama lile.

Neno hili nimelisikia likitumiwa hivyo matangani, kwenye semina za vijana ("nywele gani hizo kama mtu wa mataifa!"), na kwenye vipaza sauti vya mikutano ya injili. Wengine wamelifupisha kabisa, wamepata "wamataifa", kana kwamba ni jirani zao Wakauma na Wachonyi. Maana yake vinywani mwao ni moja: wale wasiookoka, wako huko nje, wanakunywa mnazi.

Sivyo. Katika Biblia mataifa ni kila mtu asiye Myahudi. Goyim kwa Kiebrania, ethne kwa Kiyunani, na asili yake ni hesabu ya ukoo, mnazi haumo. Kwa hesabu hiyo mji wetu mzima ni mataifa, tangu daraja la Sabaki mpaka Casuarina: Mgiriama, Mbajuni, Mswahili wa Shela, Mkikuyu mwenye duka la vifaa vya ujenzi, Mwitaliano mwenye nyumba ufuoni, mwenyekiti wa kamati, na mimi ninayeandika. Labda apite mtalii kutoka Tel Aviv.

Na hapo ndipo kosa linapouma. Ahadi yote ya wokovu kwa watu wasio wa uzao wa Ibrahimu imeandikwa kwa jina hilo. Mwanzo 22, mataifa yote ya dunia. Isaya 49, nuru ya mataifa. Isaya 56, nyumba ya sala kwa mataifa yote. Warumi 11:13, Paulo anajitambulisha kuwa mtume wa Mataifa. Sasa wewe Mkristo wa Malindi ukisema mataifa ni wale wengine, umekwenda posta ukakataa barua kwa sababu hulipendi jina lililo juu ya bahasha. Bahasha ni yako. Hukuandikiwa nyingine.

Kiswahili chetu nacho kina kichekesho chake. Taifa likiwa moja ni heshima: timu ya taifa, wimbo wa taifa. Yakiwa mengi, ghafla ni dhambi. Nilimuuliza mhubiri mmoja kama Umoja wa Mataifa basi ni chama cha wasiookoka. Alisema ndiyo, na hakuwa anatania.

Sehemu ya lawama nawatwika watafsiri, ingawa najua kazi yao ilivyo ngumu. Biblia ya Union ya 1952 inaandika Mataifa kwa herufi kubwa ili ujue hapa si mataifa ya kwenye ramani. Vizuri, ila herufi kubwa haisikiki, na kanisani wengi wetu tunasikia kuliko tunavyosoma. Biblia ya Habari Njema ikaja kurekebisha, ikaandika mahali pengi "watu wa mataifa mengine". Mengine! Mbali na yapi? Aliyeandika alikuwa Myahudi, kwake hayo mengine ni wewe. Lakini msomaji wa Muyeye akikuta "mengine" hujiweka yeye katikati, na mengine yanakuwa Somalia, Tanzania na yule jirani asiyekuja ibadani. Kivumishi kimoja kimemwondoa nje ya mlango, alikokuwa akingoja kufunguliwa, kikamkalisha sebuleni kana kwamba alizaliwa humo. Na aliyezaliwa sebuleni hana habari ya mlango. Ukimsomea Matendo 10 anasikia kisa cha askari mmoja aliyeokoka, anapiga makofi, basi.

Isome tena ukiwa umesimama nje. Petro yuko Yafa, mgeni wa Simoni mtengenezaji wa ngozi, "ambaye nyumba yake iko pwani". Yuko darini, saa sita mchana, njaa inamuuma. Anaona kitu kama nguo kubwa kinateremshwa kwa pembe zake nne, ndani yake wanyama ambao tangu utoto hajawatia mdomoni. Anaambiwa achinje ale. Anakataa. Jambo linarudiwa mara tatu, na akiwa bado ameduwaa, wajumbe wa Kornelio wako mlangoni. Kornelio ni akida wa kikosi kilichoitwa Kiitalia, na katika mji huu kila mwaka nikifika hapo kuna mtu darasani anapaza "ciao!" na somo linasimama dakika mbili. Haidhuru, mradi walishike: nyumba ambayo Petro anaingia ni ya askari wa jeshi lililoikalia nchi yake. Na Roho Mtakatifu hakungoja mahubiri yaishe. Mstari wa 44: Petro alikuwa bado anasema. Kabla ya ubatizo, bila tohara, kabla hajatokea mtu wa kuwaambia wavue nini na wavae nini. Waliofuatana na Petro walishangaa, na walikuwa na haki. Sisi hatushangai, na hilo ndilo linalonikera kuliko yote.

Kisha Matendo 15, karibu na mwaka 49, Yerusalemu. Ukiniuliza mimi, ile nayo ilikuwa kamati ya harusi. Hoja ilikuwa moja: hawa Mataifa wanaoingia, je, kwanza wageuzwe Wayahudi? Watahiriwe, washike torati yote? Petro akauliza kwa nini wanataka kuwavika wanafunzi kongwa shingoni. Pwani hii iliyoona misafara ya watumwa, neno kongwa halihitaji maelezo. Yakobo akakata shauri: tusiwataabishe wale waliomgeukia Mungu katika Mataifa.

Nikiri jambo hapa. Miaka kadhaa nilihubiri mahubiri mazima juu ya hilo neno "katika". Waliomgeukia Mungu katika Mataifa, nilikuwa nikisema, yaani wamemgeukia na bado wamo humo humo! Watu waliitikia amina. Siku moja, kwa uvivu tu wa kutaka kuhakikisha, nikafungua Kiyunani nikakuta apo, "kutoka". Mahubiri yakafa palepale mezani. Niliwahi kuyahubiri hata Lamu, na nauli nililipiwa.

Yamefufuka kidogo tangu hapo, kwa sababu ya anwani ya barua iliyotumwa baada ya kikao, mstari wa 23: kwa ndugu zetu walio wa Mataifa. Ndugu na Mataifa kwa pumzi moja, katika barua rasmi. Hapo pia Kiyunani ni cha kutoka, ek, lakini ni kutoka kwa asili. Ukisema fulani ametoka Lamu hujasema ameacha kuwa Mwamu.

Masharti waliyobakishiwa ni manne: unajisi wa sanamu, uasherati, nyama zilizosongolewa, na damu. Mavazi hayamo. Lile la nyama zilizosongolewa sisi wa Malindi tunalitii bila kujua, kwa hisani ya wachinjaji wetu Waislamu. Damu je? Nimewaona wazee wa kanisa wakila mutura, ile soseji ya utumbo, pale Kisumu Ndogo, tena wakiomba kuongezewa, na mutura ina damu. Mbona uasherati tunauhubiri kila Jumapili na damu tumeisahau? Jibu la vitabuni nalijua: masharti yale yaliwekwa ili watu wa asili mbili waweze kula meza moja, na meza ile haipo tena. Huenda. Ila hoja hiyo ukiiachia ina meno, inaweza kula na sharti la pili, na sijaona kitabu kilichonionyesha mahali pa kuifunga kamba. Nikiulizwa darasani hutazama saa.

Turudi mkekani. Hando ni nguo ya mataifa. Nakubali, ni ya Wagiriama na Wagiriama ni mataifa. Je, gauni jeupe lenye shela ya kuburura, lililokodishwa mjini kwa fedha ambazo kamati ilizilia, lenyewe ni la kabila gani? Mtindo huo ulishika baada ya Malkia Victoria wa Uingereza kuolewa amevaa jeupe mwaka 1840. Mwaka 1844 Krapf akashuka Mombasa. Gauni limemtangulia mmisionari kwa miaka 4 tu, na leo linaingia kanisani kana kwamba Musa aliteremka nalo Sinai. Waingereza nao ni mataifa! Babu zao walikuwa na miungu yao na matambiko yao kama babu za kila mtu. Halafu Hawe aliniambia hando ya mamake ilikunjwa kwa marekani, kile kitambaa kilichopewa jina kwa sababu kililetwa na wafanyabiashara wa Marekani. Kwa hiyo ukitaka kweli nguo ya mataifa ndiyo ile: pamba ya taifa moja, marinda ya taifa jingine.

Kama hando ina ubaya, mwenyekiti autaje ubaya wenyewe. Inaacha magoti? Ina tambiko ndani yake? Tutakaa tujadili, hata mimi nina yangu. Lakini neno "mataifa" likitamkwa hivyo linakuja kufunga mjadala kabla haujaanza, na linaufunga kwa kumwambia bibi wa miaka sabini kwamba yeye na mkoba wake wako upande usiofaa wa ukuta.

Huo ukuta wenyewe una historia. Waefeso 2:14 inasema Kristo amekibomoa kiambaza cha kati kilichotutenga. Aliyewahi kukandika nyumba anakijua kiambaza: fito, udongo, mikono. Cha Yerusalemu kilikuwa cha mawe. Josephus, mwanahistoria Myahudi wa karne ya kwanza, anaeleza kwamba uzio uliokata ua wa hekalu ulikuwa na kimo cha dhiraa 3, umewekwa mawe yenye onyo kwa wageni. Mwaka 1871 Mfaransa Charles Clermont-Ganneau akalipata mojawapo mjini Yerusalemu, limechongwa kwa Kiyunani. Leo liko Istanbul. Linasema mtu wa uzao mwingine asiingie ndani ya uzio, na atakayekamatwa atajilaumu mwenyewe kwa kifo kitakachomfuata. Soma tena ujiweke wewe hapo, na jina lako, na kofia yako mkononi. Paulo alikamatwa hekaluni kwa kudhaniwa kwamba amempitisha Trofimo wa Efeso mahali pale. Neno la kwenye jiwe ni allogenes, na katika Agano Jipya zima limo mara moja tu, Luka 17:18, pale Yesu anapomtaja mkoma Msamaria aliyerudi kushukuru. Wenzake hawakurudi, aliyerudi ni mtu wa kwenye jiwe.

Kama Waefeso inaulenga uzio ule hasa, siwezi kuapa. Wapo wanaosema kiambaza ni torati yenyewe, na mstari wa 15 uko upande wao. Mimi huona ni vigumu mtu wa Efeso asikie habari ya kubomolewa ukuta asimfikirie Trofimo, kijana wa mji wake. Lakini hayo ni maoni ya mtu anayependa mawe.

Sasa niwe mkweli zaidi, maana wanaonipinga wana aya, na ni aya nzuri. Jumatano moja mwanafunzi wangu, dereva wa tuktuk, ambaye huja darasani na vumbi la siku nzima, alinyosha mkono akasoma 1 Wakorintho 12:2: "mlipokuwa watu wa Mataifa mlichukuliwa kufuata sanamu zisizonena". Akafunga Biblia. "Mlipokuwa, Mwalimu. Paulo hakusema mlivyo."

Kiyunani hakikunisaidia, ni wakati uliopita vilevile. Na si hapo tu. Waefeso hiyohiyo, sura mbili baada ya kiambaza, 4:17, inawaonya wasienende kama Mataifa waenendavyo. Mathayo 6:7, msipayuke-payuke kama watu wa Mataifa, aya ambayo ningependa ibandikwe kwenye kila kipaza sauti cha mji huu. Mwenyekiti hakulitoa neno lake hewani. Ndani ya Biblia jina hili lina kazi mbili: mara linataja ukoo, mara linataja mwenendo wa watu wasiomjua Mungu, na Paulo hukupeleka kutoka moja hadi nyingine bila kukupigia honi.

Jibu nililompa dereva ni Wagalatia 2. Antiokia, Petro alikuwa akila pamoja na watu wa Mataifa, wakaja watu kutoka kwa Yakobo, akaogopa akajitenga. Paulo akampinga mbele ya wote: kwa nini unawashurutisha Mataifa kufuata desturi za Wayahudi? Hao Mataifa ni Wakristo. Wamebatizwa, wanakula na mtume sahani moja, na Paulo bado anawaita Mataifa, tena anagombana kwa ajili yao. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa ndani kabisa na jina hilo likabaki lake.

Dereva aliridhika. Mimi sikuridhika. Kuna 1 Wakorintho 10:32, ambako Paulo anahesabu makundi matatu: Wayahudi, Wayunani, na kanisa la Mungu. Matatu! Kama kanisa ni kundi la tatu, basi huenda kweli aliona kwamba mtu akibatizwa anaacha kuwa hili na lile, anakuwa kitu kipya kisicho na kabila. Siku nyingine nikiamka naona hivyo. Halafu nakumbuka kwamba kila tulipojaribu hicho kitu kipya kisicho na kabila, kilikuja kimevaa suti na tai, na mwenye hando ndiye aliyeambiwa abadilike.

Mawili ya haraka, maana najua yataulizwa. Ukristo kuwa dini ya wazungu: ile nguzo ya Vasco da Gama ufuoni inapigwa picha na kila mgeni, na Da Gama alifika hapa 1498. Waafrika walimtangulia mbali: towashi wa Matendo 8, msimamizi wa hazina ya Kandake malkia wa Kushi, upande wa Sudan ya leo, alibatizwa njiani kabla Kornelio hajatajwa. Mfalme Ezana wa Aksum, upande wa Ethiopia ya leo, aliamini katika karne ya 4. Imetosha.

La pili: wokovu kuwa wazi kwa wote si kusema wote wameokoka. Mlango ulio wazi na watu walioingia ni hesabu mbili. 1 Timotheo 2:4 inasema Mungu hutaka watu wote waokolewe. Augustino, yule mwalimu wa kanisa la kale, aliisoma "wote" kuwa watu wa kila aina. Naona aliibana aya mpaka ikalia. Wakatoliki wana hati ya mwaka 1964, Lumen Gentium, ambayo jina lake ni kama kusema Nuru ya Mataifa, isemayo kwamba asiyeijua Injili bila kosa lake, naye anamtafuta Mungu kwa moyo safi, aweza kuufikia wokovu. Wapentekoste wa darasani kwangu hukunja uso nikiisoma. Mimi hurudi kwa Petro mbele ya Kornelio: katika kila taifa mtu amchaye na kutenda haki hukubaliwa na yeye. Hilo "hukubaliwa" linafika wapi? Msimamo wangu umebadilika zaidi ya mara moja, na kila mara nilikuwa nimesimama kando ya kaburi la mtu niliyempenda.

Harusi ilikuwa Agosti. Kamati ilipata suluhu: kanisani gauni, jioni nyumbani hando. Kila mtu aliisifu hekima hiyo isipokuwa mimi, niliyeona kiambaza kimesogezwa tu hadi kwenye geti la kanisa, lakini nilikuwa nimechoka na pilau ilikuwa nzuri. Bibi harusi alipotoka ndani na hando yake wanawake walipiga vigelegele mpaka mbwa wa jirani wakaanza kubweka. Nilikuwa nimekaa karibu na Hawe. Hakuwa amesahau.

"Mwalimu, hukuniambia. Hao Mataifa ni kabila gani?"

Nikamwambia ni mtu yeyote ambaye si Myahudi.

Alifikiri kidogo. "Basi ni mimi."

"Ni wewe."

"Na wewe?"

"Na mimi."

Akainua kidevu kuelekea kwa mwenyekiti, aliyekuwa amesimama peke yake kando ya hema na sahani tupu, akitafuta pa kukaa. "Na yule?"

"Na yule."

"Anajua?"

"Nimemwambia mara tatu."

Hawe akavuta kiti kwa mguu, akakifuta kwa ncha ya leso, akapaza sauti: "Mzee wa Mataifa! Njoo ule, chakula kinapoa."